Watoto wa mbuyu

Jumapili moja, alasiri imeshaanza kupoa, nilimchukua mpwa wangu tukaenda Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni Mombasa, kula mihogo. Ana miaka saba, mtoto wa dadangu, na ulimi wake haulali. Tulinunua mihogo ya kukaanga, tukatiliwa pilipili na ndimu mpaka karatasi ikalowa, tukaketi chini ya mmoja wa ile mibuyu inayotazama mlango wa bahari. Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini, imepita karibu hata ungesema ukimwita baharia ataitika.

Mtoto akaniachia mihogo, akaenda kuukumbatia mti. Akatanua mikono, akalaza shavu kwenye gome, na bado hakufunika hata kipande cha maana. Gome la mbuyu ukilisogelea halifanani na gome. Lafanana na ngozi ya goti la mtu mzima: kijivu chenye wekundu wa mbali, limejikunja pale mti ulipojikunja. Mtu alichonga herufi mbili na mwaka 1987, na herufi zimenenepa pamoja na mti, zimevimba kama kovu la kuungua.

"Mjomba, huu una miaka mingapi?"

"Elfu moja," nikajibu, muhogo mdomoni.

Akakubali. Elfu moja ni idadi nzuri kwa mtoto wa miaka saba. Akauzunguka mti mara mbili, akainama kupekua nyasi kama aliyeangusha sarafu, akarudi.

"Na watoto wake wako wapi?"

Elfu ya kubuni

Swali la kwanza nililijibu kwa uongo. La pili sikulijibu kabisa. Nilimnunulia dafu anyamaze, na akanyamaza, lakini mimi wiki nne zilizofuata sikunyamaza kichwani.

Nianze na uongo. Hiyo elfu moja niliipata kwa babu, naye aliipata kwa aliyeipata kwa mwingine. Watembezaji wageni nao wana yao: mgeni mwenye haraka huambiwa mia tano, mwenye kamera kubwa huambiwa elfu mbili. Nikasema basi, mimi ni mwalimu, nitafute ukweli.

Kumbe mbuyu hauhesabiki kwa urahisi. Miti mingine ukiikata unasoma duara zake kama kurasa. Mbuyu hutunza kumbukumbu vibaya: mwaka mwingine huuruka, mwaka mwingine huuandika mara mbili, na ukizeeka, moyo wake huwa tundu. Tena ule unene tunaoustaajabia mara nyingi si shina moja. Ni mashina kadhaa yaliyoota kwa mzunguko, yakanenepeana, yakaungana, yakaacha uwazi katikati ambao sisi hudhani ni uozo. Wanaotaka umri wa kweli huchukua vipande vya mbao wakapima kaboni. Kwa njia hiyo mbuyu wa Panke, kule Zimbabwe, ulipatikana kuwa na miaka ipatayo 2,450.

Nao umekufa. Si zamani, ni mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati mimi tayari ninashika chaki.

Mwaka wa 2018 watafiti waliandika kwenye jarida la Nature Plants kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoipima Afrika, 9 ilikuwa imekufa au imeporomoka sehemu yake tangu mwaka wa 2005. Walishuku joto na ukame, bila kudai wamethibitisha.

Nilisoma hayo saa sita usiku, feni inalalama juu ya kichwa. Sikuwaza Zimbabwe. Nilimwona yule mtoto amekunja magoti kwenye nyasi. Wazee wanaondoka mmoja mmoja, na yeye alikuwa ameuliza kitu ambacho ndicho cha kuulizwa kwenye msiba wowote.

Alichokiacha aliyekula

Huku kwetu mbuyu ni kama hati ya shamba. Ukikuta mibuyu imekusanyika mahali pasipo na nyumba, mchimbaji wa mambo ya kale huanza kushuku mji. Nenda Jumba la Mtwana, nenda Gede: kuta za matumbawe zimelala, mibuyu imesimama. Hakuna aliyekusudia kuandika historia. Watu walikula mabuyu, wakatema mbegu, na walipofyeka shamba wakauacha mbuyu kwa kuwa una faida zake na shoka huzama ndani yake kama kwenye muhogo mbichi, hata mkataji akachoka. Mingine iko Dhofar, Omani, karibu na Mirbat, mbali na ndugu zake. Mwingine mnene sana uko ngome ya Golconda, Hyderabad, India. Wengi wanaamini ni mikono ya watu iliyoivusha bahari, na mimi napenda kuamini hivyo: mtu wa jahazi na buyu lake, akimumunya, akitema.

Kwa hiyo ile mibuyu ya Mama Ngina siichukui kuwa pambo la bustani. Mwaka wa 2019 mahali hapo pakatengenezwa upya, zikajengwa njia na viti, na sherehe za Mashujaa za tarehe 20 Oktoba zikafanyika papo hapo. Watu wengi walipigwa picha na mibuyu nyuma yao. Mibuyu ilikuwa imeshazoea kuwa nyuma ya watu.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka wa 1331. Akaandika ndizi, ndimu, samaki, misikiti ya mbao iliyojengwa imara, watu wachaji wanaoosha miguu kabla ya kuingia kusali. Mbuyu hakuugusa kwa kalamu. Miaka zaidi ya 20 baadaye, njiani kuelekea Mali, huyo huyo akastaajabia miti minene yenye matundu, na ndani ya tundu la mmoja mfumaji ameketi na mtambo wake, anafuma. Niliposoma nilimkasirikia kidogo. Ya Mali umeyaona, yetu je?

Kisha nikakumbuka kuwa mimi nimepita chini ya mibuyu hii zaidi ya miaka arobaini.

Na si kupita tu. Nimeulamba mbuyu utotoni, mabuyu mekundu ya hiliki yanayotia rangi midomo mpaka mama ajue ulikopeleka shilingi yake. Nimeuogopa: tuliambiwa tusiwe chini yake jua la utosi wala magharibi, na kulikuwa na mibuyu yenye vitambaa vyekundu na harufu ya ubani ambayo tuliivuka mbio, macho chini. Nimeusema pia. Wenzetu Tanzania wakitaka umbea huomba "ubuyu". Mwenye kutoa rushwa tunasema amezunguka mbuyu, na kila nikiutazama unene ule naona aliyebuni msemo huu alikuwa amesimama upande wa pili, anasubiri.

Halafu kuna ile methali. Nimefundisha Kiswahili miaka 18. Hakuna rundo la insha nililowahi kusahihisha likakosa "hata mbuyu ulianza kama mchicha". Nimeitia alama ya vema. Nimeisema mwenyewe kwenye harusi, kwenye mahafali, kwa kijana aliyefungua kibanda cha kutengeneza simu.

Sijawahi kuuona mbuyu wa ukubwa wa mchicha.

Nikauliza chumba cha walimu. Walimu kumi na mmoja, saba kati yao wazaliwa wa Pwani. Hakuna. Mwalimu wa Biolojia akasema lazima ipo, akarudi kwenye chai yake.

Mibuyu juu ya lori

Wakati huo nikakumbuka Kilifi. Mwishoni mwa 2022 picha zilizagaa: mibuyu imeng'olewa na mizizi yake, matawi yamepunguzwa, imeandaliwa kwa safari. Ilisemekana inapelekwa Jojia, ile nchi ya Kaukazi, si jimbo la Marekani, na bustani iliyotajwa ni ya Shekvetili, kando ya Bahari Nyeusi, ambako tajiri aliyewahi kuwa waziri mkuu huko amekusanya miti mikubwa ya kila namna. Magazeti yaliandika kuwa wenye mashamba walilipwa kati ya shilingi laki moja na laki tatu kwa mti. Kelele zikapigwa. Mnamo Novemba Rais Ruto akaiagiza Wizara ya Mazingira ichunguze kama kulikuwa na kibali halali, na kama Itifaki ya Nagoya, inayotaka wenye rasilimali wapate haki yao, ilifuatwa.

Mimi nilikuwa miongoni mwa wapiga kelele. Niliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba huu ni wizi wa urithi, nikaongeza alama tatu za mshangao. Laki moja kwa mti wa karne nyingi! Nilijihisi nimefanya jambo.

Sasa, baada ya swali la mtoto, yale maandishi yangu yalinitia aibu ndogo. Nilikuwa nimepigania mibuyu ya mashamba ambayo sikuwahi kukanyaga. Mkwe wa binamu yangu ana shamba nje ya mji wa Kilifi, na nilijua kwa kusikia kwamba alikuwa amekubali kuuza mmoja, mambo yakasimama kabla ya zamu yake kufika. Nikapanda matatu Jumamosi.

"Hauna vidole"

Tulikaa chini ya mbuyu wenyewe, yeye kwenye kiti cha kamba, mimi kwenye jiwe. Ana umri wa babangu, Mgiriama wa maneno machache. Nikazunguka zunguka mwishowe nikauliza.

"Baba, ule mti ungeuuza kweli?"

"Ningeuuza jana."

Akaniacha nimeze. Kisha akasema, bila hasira, kwamba sisi wa mjini tunaupenda muuyu kwa macho. Yeye ana wajukuu wawili sekondari. Chini ya mti ule mahindi hayashiki. Eneo lote la kivuli, hatua kama ishirini kila upande, ni la mbuzi na mazungumzo. Mabuyu mchuuzi huyanunua kwa gunia, bei anaitaja mchuuzi. "Huyo mgeni," akasema, "ndiye mtu wa kwanza kuja hapa akauliza mti huu ni wa nani."

Sikuwa na la kumjibu. Bado sina. Naamini mibuyu ile haikupaswa kuondoka, na naamini pia kwamba mzee yule hakuwa na kosa hata la punje, na mambo haya mawili yamekaa kifuani mwangu hayasalimiani.

Nikamuuliza lile la mtoto. Watoto wake wako wapi?

Akacheka, mara ya kwanza. "Mimi ndiye niliyewaua."

Akaeleza kwa mikono. Mvua za masika zikishuka, mbegu zilizolala huamka. Lakini mche wa mbuyu haufanani na mbuyu. Jani la mbuyu mkubwa lina vidole, vitano, saba, kama kiganja kilichofunguka. Jani la mche ni moja tu, zima, la mviringo mrefu, kama la gugu lolote. "Hauna vidole," akasema. "Wapita na jembe, wang'oa pamoja na magugu, wala hujui umeng'oa nini. Ukikuponyoka wewe haumponyoki mbuzi."

Kwa hiyo wala haikuwa siri. Vichanga vilikuwapo miaka yote, kila masika. Tulikuwa tukivipalilia.

Mzee akainuka, akashika fimbo, akanipeleka kwenye ua wa minyaa nyuma ya zizi. Alisogeza tawi kwa fimbo, akijihadhari na utomvu usimrukie machoni. Ndani humo, mahali ambapo mbuzi hathubutu kuingiza pua, palikuwa na kijiti cha kimo cha kiuno changu. Chini kina unene wa kidole gumba, kijani-kijivu, laini. Majani ya chini ni ya kipande kimoja. Ya katikati yamegawanyika mawili, matatu, hayajaamua. La juu kabisa, jipya, lililokunjamana bado kama kitambaa kilichotoka mfukoni, lina vidole vitano.

Nilihesabu mara mbili.

Nilimuuliza ni wa lini. Akasema miaka mitatu, labda minne, ameuona, akaunyamazia. Mti aliokuwa tayari kuuuza jana, na huu ameuficha kwenye minyaa. Sikumuuliza kwa nini. Yako maswali ya kumuuliza mzee na yako ya kuondoka nayo.

Mbegu kumi na mbili

Kosa la kwanza lilikuwa langu na la mpwa wangu kwa pamoja. Tulipanda mabuyu ya dukani. Tuliyalamba yakaisha rangi, tukayaosha, tukayazika kwenye kopo, tukamwagilia siku kumi na saba. Mama alipotuuliza tunafanya nini alicheka mpaka akakaa: "Hayo yamepikwa ndani ya sukari! Mwapanda halua?"

Ya pili tulipanda kwa akili. Nilirudi na buyu zima kutoka Kilifi, lenye ganda la manyoya kama mahameli. Nililivunja kwa nyundo, ndani unga mweupe mkavu umeshikana na mbegu na nyuzi nyekundu. Tuliulamba unga, tukasugua mbegu kumi na mbili kwa msasa upande mmoja mpaka weupe ukachungulia, kwa maana gome la mbegu ni gumu na porini husubiri kupitia tumbo la tembo au nyani. Tukazitia katika maji ya moto tukaziacha zilale humo usiku kucha. Asubuhi nane zilikuwa zimevimba.

Siku ya kumi na moja mchanga ukapasuka. Zikatoka mbili. Moja ikaliwa usiku na kitu ambacho sikukiona, konokono nashuku. Iliyobaki ilifungua majani mawili mazito ya kwanza, halafu jani moja, refu, halina kidole.

Mama alipita na ndoo ya nguo, akaitazama. "Mchicha umeota," akasema, na hakuwa anatania.

Mpwa wangu aliuliza utazaa lini. Nilimwambia huenda ukangoja miaka ishirini na ushei, ukitunzwa. Akahesabu kwa vidole, akavimaliza, akaazima vyangu. Alipofika akasema kufikia hapo atakuwa mkubwa kuliko mwalimu wake. Akauliza utakufa lini. Safari hii sikusema elfu.

Jiwe

Tunaishi nyumba ya kupanga, orofa ya tatu. Ndoo ya rangi iko kwenye roshani, na mti wenye hamu ya kunenepa kuliko sebule yetu haukai kwenye ndoo. Mzee wa Kilifi angeupokea, najua. Lakini mtoto alitaka urudi pale pale alipouliza.

Tukarudi Mama Ngina siku ya kazi, asubuhi, hakuna watu. Mwanamume alikuwa anafyeka nyasi kwa slasha, shati limeshikamana mgongoni. Nilimwamkia, nikamweleza. Akaja akaichungulia ndoo.

"Huu si mbuyu."

"Ni mbuyu. Bado hauna vidole."

Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaangalia tena ndoo. Akasema mambo ya kupanda hapa yana ofisi zake, niandike barua. Nikauliza niielekeze kwa nani. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akataja cheo kimoja, akakifuta, akataja kingine. Mwishowe akasema yeye kazi yake ni nyasi. Kila wiki mbili. Chochote kilicho chini ya goti ni nyasi.

Nilishukuru, nikainua ndoo. Barua nitaiandika, nimeshaianza mara mbili. Tulikuwa tumeshafika kwenye mbuyu wenye 1987 aliposema kwa nyuma, slasha begani.

"Mwalimu."

Sikumbuki kumwambia mimi ni mwalimu.

"Wakikukubalia, weka jiwe kando yake. Kubwa. Lipake chokaa nilione."

Mtoto alishaanza kutafuta jiwe.